Kabla ya kuvaa sare: njia tatu za dini kuhusu amani na vita

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 22. Tangazo la jeshi la kutafuta makuruti lilipotoka, alikuja kwangu Kawangware na bahasha ya kaki kwapani: cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na nakala za kila kimoja. Nilidhani ametaka nauli. Kumbe alikuwa na swali.

"Shangazi, baba anasema sisi ni watu wa kanisa la Marafiki, bunduki hatushiki. Mama anasema kwa Wakatoliki inaruhusiwa, mradi vita viwe vya haki. Na rafiki yangu wa Eastleigh anasema Uislamu una sheria za vita tangu zamani, hakuna lililoachwa. Mimi nifuate ipi?"

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Nikachukua daftari, nikapiga mistari, zikapatikana safu tatu. Tuliyoyajaza jioni ile na siku zilizofuata nayaandika hapa kwa ajili ya kijana mwingine mwenye bahasha kama hiyo, na kwa mzazi anayemkodolea macho asijue amwambie nini.

Sikuuliza ni dini gani inayopenda amani kuliko nyingine. Swali hilo halimfikishi mtu popote. Ukimsalimia Mwislamu, neno la kwanza ni amani. Ukienda misani, watu hupeana amani kabla ya komunyo. Nasi Marafiki tunaihesabu amani miongoni mwa shuhuda zetu kuu. Niliiuliza kila njia maswali manne: bunduki inashikika? Ni nani mwenye kuamua? Ni nani asiyeguswa hata vita vikiwaka? Na mimi nikiifuata kwelikweli, nitalipa nini? Hilo la nne ndilo lililotula usiku.

Safu ya kwanza: kukataa kabisa

Hii ndiyo njia niliyozaliwa nayo. Mnamo Januari 1661 Marafiki wa Uingereza, wale wanaoitwa pia Quaker, walimwandikia mfalme Charles wa Pili kwamba wanakataa vita vyote na silaha zote, kwa sababu yoyote ile. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 1947 mashirika mawili ya Marafiki, la Uingereza na la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi ya kuwahudumia majeruhi na wenye njaa.

Lakini niliyemwandika juu kabisa kwenye safu hii ni Maximilian wa Tebessa. Alikuwa Mwafrika wa kaskazini, mahali ambapo sasa ni Algeria, na mwaka 295 alipelekwa kuandikishwa katika jeshi la Roma. Alikuwa na miaka 21. Wakampima urefu kama wanavyopimwa vijana wetu uwanjani. Wakataka kumvika shingoni kile kipande cha madini ya risasi chenye muhuri wa jeshi, naye akakataa, akasema yeye ni Mkristo. Liwali akamwambia kwamba hata miongoni mwa walinzi wa makaisari wamo Wakristo wanaotumikia. Maximilian akajibu kwamba hao wanajua wenyewe linalowafaa, yeye hawezi. Akauawa siku ileile.

Mtoto wa kaka yangu aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo hata wakati ule Wakristo walikuwa pande zote mbili," akasema. Ndivyo. Mgawanyiko tulio nao ni wa kale kuliko makanisa yenyewe.

Katika njia hii maswali matatu ya kwanza hujibiwa upesi. Bunduki haishikiki, hakuna mfalme wala bunge linaloweza kukuruhusu, na asiyeguswa ni kila mtu, hata adui. Swali la bei ndilo gumu. Kenya hatuna sheria ya kumlazimisha kijana kuingia jeshini, kwa hiyo anayekataa hafungwi. Anachokosa ni mshahara wa kila mwezi na matibabu ya mama yake, na katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba hilo si jambo la kupuuzwa kanisani kwa mahubiri matamu.

Kuna bei nyingine. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye silaha waliingia Westgate, jengo la maduka hapa Nairobi, na watu 67 wakauawa. Kesho yake kanisani kwetu tuliomba na kulia, kisha mama mmoja akasimama akauliza: tungekuwa sisi pale mlangoni, na watoto wako nyuma yetu, tungefanya nini? Hakuna aliyejibu. Mchungaji aliinamisha kichwa. Nimelibeba swali lile hadi leo, na sitamdanganya kijana kwamba njia yetu ina jibu lake. Yeyote atakayekuambia kukataa silaha kunawaokoa wote hajawahi kuwazika.

Ninachojua ni kwamba wengi huielewa njia hii nusu. Hudhani ni kukaa kitako. Katika vita viwili vya dunia, vijana wa Marafiki waliokataa bunduki waliendesha ambulansi mstari wa mbele, mahali risasi zinapopita. Hapa kwetu, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,100, Marafiki waliendesha warsha za kuwakalisha pamoja watu waliochomeana nyumba, siku tatu nzima, kila mmoja amtazame mwenzake usoni. Na katika miaka ya 1950, kule Kati, walikuwapo Wakristo wa uamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau cha msituni na vilevile wakakataa bunduki ya serikali. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti, na baadhi yao waliuawa. Kwa hiyo nilimwambia kijana: ukichagua hapa kisha ukabaki kwenye kochi, hujachagua. Umeahirisha tu.

Safu ya pili: vita vya haki

Mama yake ana hoja, tena ya Biblia. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe mikuki. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Agostino wa Hippo, naye Mwafrika wa kaskazini, alilifikiria jambo hili dola ya Roma ilipokuwa ikivamiwa, akasema upendo wenyewe unaweza kumlazimu mtu kumkinga jirani kwa nguvu. Karne nane baadaye mwanateolojia Thoma wa Akwino akaweka masharti matatu: aamue mwenye mamlaka halali, kuwe na sababu ya haki, na nia iwe njema.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 imekaza kamba zaidi. Madhara ya mchokozi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeshindikana. Kuwe na tumaini la kweli la kufaulu. Na silaha zisilete ubaya mkubwa kuliko ule unaoondolewa. Masharti haya hutakiwa yote kwa pamoja. Likikosekana moja, ruhusa imekwisha.

Watu wengi wanaosema "kanisa linaruhusu" hukumbuka ruhusa na kusahau masharti. Tuliyajaribu kwa vita tunavyovijua. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia baada ya watu kutekwa nyara upande wa Lamu na kambini Dadaab. Sababu ya haki? Naona ilikuwepo. Njia nyingine zote zilishindikana? Hapo tulibishana hadi chai ikapoa. Tumaini la kufaulu? Mwaka 2012 jeshi likaingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa, wanajeshi wetu wengi wakauawa. Zaidi ya miaka 10 baada ya kuvuka mpaka, vijana wetu walikuwa bado kule. Mamlaka halali? Katiba yetu ya 2010 inamtaka Rais apate idhini ya Bunge kabla ya kutangaza vita, sharti ambalo Thoma angelielewa mara moja.

Udhaifu wa njia hii, kwa macho yangu, ni kwamba masharti yake yameandikwa kwa ajili ya mtawala, lakini anayevuja damu ni kuruti. Kuruti haoni faili. Hajui kama mazungumzo yalijaribiwa. Anaambiwa panda lori. Agostino alimwondolea lawama askari anayetii amri halali, na sentensi hiyo imewatuliza wengi kupita kiasi. Afadhali Francisco de Vitoria, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, aliyefundisha kwamba askari akiona wazi kuwa vita ni vya dhuluma, asipigane hata kama mfalme ameamuru. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulitaka sheria za nchi ziwajali wanaokataa silaha kwa dhamiri, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Kwa hiyo Mkatoliki anaweza kusimama hata kwenye safu ya kwanza bila kutoka kanisani. Mama yake hakulijua hilo. Nilipomsomea alinyamaza kidogo, akaomba nimwandikie.

Papa Fransisko alisonga mbele zaidi. Katika waraka wake wa Oktoba 2020 alisema kwamba kwa silaha za siku hizi ni vigumu sana kuendelea kutumia vigezo vya kale kuzungumzia uwezekano wa vita vya haki. Hakuufunga mlango wa kujilinda. Alionyesha jinsi ulivyo mwembamba.

Siku ya pili nilimpeleka kijana mjini kwa miguu, hadi Kenyatta Avenue, penye mnara wa askari watatu wa shaba. Amepita pale mara mia. Hakuwahi kusoma. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, wale wapagazi wanaoitwa pale miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni pameandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Kijana akauzunguka mnara, akatafuta majina. Hayapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa kuhara na malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wengi walichukuliwa kwa nguvu kwa sheria ya 1915. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi Nairobi ni mtaa wa Kariakor, ambao jina lake ni lile la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, likatamkwa kwa ulimi wetu. Kwenye safu ya pili, chini ya neno "bei", aliandika kwa mkono wake: *mtu asiyeulizwa*.

Safu ya tatu: sheria ya vita katika Uislamu

Hapa sikujiamini kujaza peke yangu. Tulikwenda Eastleigh kwa baba wa rafiki yake, maalim mwenye sauti ya taratibu, aliyetupokea kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na kutuomba tusianze na neno jihadi. "Hilo maana yake ni kujitahidi," alisema. "Tuanze na ruhusa."

Ruhusa ya kupigana, akatueleza, imo katika Sura ya Hajj, na wamepewa wanaopigwa vita kwa sababu wamedhulumiwa. Sura ya Baqara inawaamrisha kupigana na wanaowapiga, na papo hapo inawakataza kuvuka mipaka. Sura ya Anfal inasema adui akielekea kwenye amani, nawe elekea. Anayetangaza vita ni kiongozi halali wa watu. Kikundi cha vijana wenye simu na bunduki hakina mamlaka hayo, na maalim alilirudia hilo kwa uchungu wa mtu aliyechoka kuulizwa juu ya watu ambao si wake.

Kwenye swali la nani asiyeguswa, safu hii ina majibu mengi kuliko zote. Abubakar, khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi Sham, yaani eneo la Siria, alimsindikiza kamanda wake Yazid kwa miguu, Yazid yuko juu ya mnyama. Yazid akamsihi apande, au yeye ashuke. Abubakar akakataa yote mawili, na huku wakienda akampa usia: usimuue mwanamke, wala mtoto, wala mzee. Usikate mti wenye matunda. Usichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula. Usiharibu mahali panapokaliwa. Waache watawa na ibada yao. Kijana alinyanyua kichwa: "Hata miti?" Hata miti. Karibu miaka 1,400 iliyopita.

Bei ya njia hii maalim alitufundisha kwa Hudaybiyya. Mwaka 628 Mtume Muhammad na wafuasi wake walizuiwa kuingia Makka, wakakaa kuandika mkataba wa miaka 10 bila vita. Mjumbe wa Makureshi, kabila lililotawala Makka, aliyeitwa Suhayl, akakataa maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" yasiandikwe. Ali, aliyekuwa akiandika, mkono wake ukamkatalia kuyafuta. Mtume akayafuta mwenyewe. Kabla ya mkataba kukamilika akaingia Abu Jandal, mtoto wa Suhayl huyohuyo, aliyesilimu, amefungwa minyororo, akiomba kuokolewa. Kwa masharti ya mkataba akarudishwa. Masahaba waliumia mno. Miaka miwili baadaye Makka ikaingiwa karibu bila damu, na waliowatesa Waislamu wakasamehewa. "Amani ile," maalim alisema, "ilianza na mtu kufuta cheo chake mwenyewe."

Nilimuuliza swali la yule mama wa kanisani. Hakusita. Alinikumbusha Abdul Haji, Mwislamu, aliyeingia Westgate na bastola yake kutafuta ndugu yake, akasaidia kuwatoa watu wasiomhusu. Halafu akanikumbusha Salah Farah, mwalimu. Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha waliotaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa kutengana nao, wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Farah alipigwa risasi, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Mmoja alikuwa na bastola, mwingine hakuwa na kitu mkononi, na maalim alisema dini yake inawatambua wote wawili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata nusu ya jibu nililolikosa tangu 2013, na nimelipata kutoka dini isiyo yangu.

Udhaifu wake nao upo. Kanuni za mtu mwenye haki huibwa na asiye na haki, na watu wa nyumba hiyo ndio hulipa. Aprili 2014, katika msako wa usalama wa polisi, maelfu ya wakazi wa Eastleigh walikamatwa, wengine wakashikiliwa uwanja wa Kasarani. Kijana Mwislamu akiingia jeshini leo, atapigana na watu wanaolitaja jina la Mungu yuleyule, na akirudi likizo mtaani bado atatakiwa kueleza yeye ni nani.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Wajaini wa Parklands, wafuasi wa dini ya kale ya India, hushika kutodhuru kiumbe chochote kwa ukali unaowapita hata Marafiki, na yeyote mwenye kuipenda safu ya kwanza akawasikilize. Wazee wa Wajir mwaka 1993 waliweka azimio la Al-Fatah kumaliza mauaji ya koo, wakisukumwa na akina mama, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi. Wale walichanganya dini, mila na sheria bila kuuliza ipi ni ipi, na damu ikapungua.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Ya kwanza inakulinda usiue, haikuahidi kwamba hakuna atakayeuawa. Ya pili na ya tatu zinakuruhusu kumkinga mtu, lakini zote mbili zinakukabidhi kwa anayetoa amri. Hapo ndipo ningemwangalia kijana machoni. Kama hujawahi kumwambia mkubwa wako "hapana" hata kwa jambo dogo, kazini au nyumbani, njia ya pili itakumeza, kwa sababu masharti yake yote yanasubiri mtu wa kuyasema kwa sauti siku amri mbaya inapokuja. Njia ya tatu inakusaidia zaidi kwenye uwanja wenyewe, maana imetaja mtoto, mzee, mti na kondoo kwa majina, na mtu aliyechoka na kuogopa hukumbuka vitu vyenye majina kuliko kanuni. Ya kwanza inamfaa aliye tayari kufanya kazi ngumu isiyo na sare wala pensheni.

Usichukue ruhusa ya moja na kisingizio cha nyingine. Nimewaona wana wa Marafiki wakiwa polisi na jeshini, wakisema sisi ni watu wa amani Jumapili na "dawa ya moto ni moto" siku sita. Heri Mkatoliki anayeyajua masharti yake manne, au Mwislamu anayeukumbuka usia wa Abubakar, kuliko Rafiki asiyejua alichokiacha.

Mimi nimebaki kwenye safu ya kwanza, na lile swali la Westgate nimebaki nalo pia. Kijana nilimwambia hivyo wazi, ili asije akadhani nilipima kama mtu asiye na upande.

Alikunja karatasi ile mara nne, akaitia ndani ya bahasha ya kaki, nyuma ya cheti cha kidato cha nne. Mlangoni akageuka.

"Shangazi, safu ya pili usiifunge kwanza. Kuna padre mmoja mama anamjua, alikuwa padre wa jeshi. Nataka kumuuliza kama aliwahi kusimama na askari aliyekataa amri."

"Na akisema hajawahi?"

Hakunijibu. Alikuwa ameshashuka ngazi, anaharakisha matatu ya saa mbili.